NBA au kikapu cha vyuo vya Marekani: ukeshe kwa ajili ya kipi?

Kuanzia mwanzoni mwa Novemba hadi mwanzoni mwa Aprili, NBA na mashindano ya vyuo yanayosimamiwa na NCAA yanakwenda sambamba. Kwa mtu aliyeko Dar, Mombasa au Goma, shida inaanzia hapo: bando ni moja, usingizi ni mmoja na kesho kuna kazi. Wengi wetu tuliingia kwenye kikapu kwa mlango wa NBA. Habari za vyuo tunazisikia kila Machi, pale watu wanapoanza kupiga kelele mitandaoni kuhusu timu ambazo hatujawahi hata kuzisikia majina. Ndipo mtu anauliza: hivi na mimi nihamie huko, au nibaki na LeBron wangu?

Mimi natazama vyote viwili, na upendeleo wangu utaonekana tu, siwezi kuuficha. Hata hivyo nitavipima kwa mambo matano yaleyale: mchezo wenyewe ulivyo uwanjani, namna bingwa anavyopatikana, muda unaokaa na mchezaji kabla hajaondoka, saa za kutazama kwa upande wetu wa dunia, na nafasi ya watu wa kwetu humo ndani. Fedha nitazigusa nikifika kwa wachezaji.

Mchezo wenyewe

NBA inachezwa robo nne za dakika 12. Timu ina sekunde 24 za kushambulia, mchezaji anatolewa kwa faulo 6, na mstari wa pointi tatu uko mita 7.24 kutoka kwenye ringi, isipokuwa kwenye kona ambako unasogea hadi mita 6.71. Kuna sheria moja ambayo watazamaji wengi hawaijui, na ndiyo inayoupa mchezo wa NBA sura yake: tangu msimu wa 2001/02, mlinzi haruhusiwi kusimama chini ya ringi zaidi ya sekunde tatu kama hamkabi mtu aliye karibu naye. Katikati panabaki wazi. Mshambuliaji mwenye kasi anapata njia, wapiga pointi tatu wanasubiri pembeni, na mlinzi anaachwa peke yake na mtu kama Stephen Curry. Timu kufikisha pointi 110 usiku mmoja ni jambo la kawaida kabisa.

Chuoni, kwa wanaume, kuna vipindi viwili vya dakika 20. Shambulizi lina sekunde 30, faulo ni 5, na mstari wa pointi tatu uko mita 6.75. Ile sheria ya sekunde tatu kwa mlinzi haipo. Kocha akitaka kumweka mrefu wake chini ya ringi dakika zote 40, ruksa. Ndiyo maana zoni, yaani kila mlinzi kulinda eneo lake badala ya kumfuata mtu, bado ina maisha huko: Syracuse ya kocha Jim Boeheim ilicheza zoni ya 2-3 (wawili mbele, watatu nyuma) miaka na miaka, na mwaka 2003 ikachukua ubingwa ikiwa na Carmelo Anthony wa mwaka wa kwanza. Pointi ni chache, mara nyingi sabini na kitu. Mitupo inakosa, pasi zinapotea, vijana wa miaka 19 wanaingiwa na hofu mbele ya kamera. Anayetoka NBA moja kwa moja ataona kama kiwango kimeshuka, na kweli kimeshuka. Anachopata badala yake ni mchezo ambao mkono wa kocha unaonekana kila shambulizi.

Mfano mzuri kuliko wote wa tofauti hii ni wa kwetu wenyewe. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2, alicheza misimu mitatu Chuo Kikuu cha Connecticut. Msimu wake wa mwisho, 2008/09, alikuwa na wastani wa pointi 13.6, rebaundi (mipira anayoidaka baada ya mtupo kukosa) 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kila mechi, na timu ikafika nusu fainali ya taifa. Alisimama pale chini ya ringi, na wapinzani walipoingia walikuta mlango umefungwa. Juni 2009 Memphis wakamchagua wa pili kwenye drafti, pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Curry aliyekuwa wa saba. Alipofika NBA, akaambiwa atoke pale chini, amfuate mtu nje, arudi, atoke tena, akimbizane na wachezaji wafupi wenye kasi. Hadi anaondoka kwenye ligi mwaka 2014 alikuwa amepita timu nne, na wastani wake ulikuwa pointi 2.2. Vijiweni walimcheka sana, na mimi naona hawakumtendea haki. Kipaji kilikuwepo, ila sehemu kubwa ya kazi aliyokuwa akiifanya chuoni, sheria za NBA haziiruhusu. Faulo na kukosa dakika za kucheza zikamaliza yaliyobaki.

Kwa mtu anayecheza au kufundisha, jambo hili lina uzito mwingine. Ligi zetu zinafuata sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia: dakika 40, faulo 5, mstari wa mita 6.75, zoni ruksa, mlinzi mrefu akae chini atakavyo. Ukiondoa saa ya sekunde 24, ambayo FIBA inafanana na NBA, mchezo wa pale Don Bosco Upanga, Dar, una undugu zaidi na wa chuo kuliko wa NBA.

Bingwa anavyopatikana

Kwa NBA, timu 30 zinacheza mechi 82 kila moja, kisha zinabaki 16 za mtoano. Kila raundi ni mfululizo wa hadi mechi saba; anayetangulia kushinda nne anapita. Bingwa lazima ashinde mechi 16. Kwa mfumo huo ni vigumu sana timu dhaifu kupenya kwa bahati. Ukimfunga Nikola Jokić, nyota wa Denver, leo, keshokutwa anarudi akiwa ameshajua unamkaba vipi. Hapo ndipo utamu wa NBA ulipo, na mtu anayetazama mechi mojamoja hauoni: mfululizo ni ubishi wa makocha wawili unaoendelea wiki mbili. Mechi ya tatu wanabadilisha mlinzi, ya tano wanamtoa mrefu, ya sita mchezaji wa benchi ambaye humjui anafunga 20. Na anayedai NBA inatabirika hajaangalia orodha ya karibuni: Toronto 2019, Lakers 2020, Milwaukee 2021, Golden State 2022, Denver 2023, Boston 2024, Oklahoma City 2025. Misimu saba, mabingwa saba.

Tatizo ni hizo mechi 82. Januari na Februari kuna usiku ambao hata wachezaji wenyewe hawaonekani kuwa na haraka. Unaweka kengele, unaamka, na nyota uliyemwamkia amevaa suti kwenye benchi, anapumzishwa. Ligi ilileta masharti kuanzia 2023/24 kwamba anayetaka tuzo kubwa, ikiwemo ya mchezaji bora, lazima acheze angalau mechi 65. Yamesaidia kiasi, lakini suti bado zipo.

Chuoni kuna zaidi ya timu 350 za daraja la kwanza. Katikati ya Machi zinachaguliwa 68, na kuanzia hapo ukifungwa mara moja umekwenda nyumbani. Timu nyingi zinahitaji ushindi mara sita kuwa bingwa. Mechi moja ya dakika 40 inaweza kumtupa nje yeyote. Timu hugawanywa makundi manne, na kila kundi hupangwa kuanzia namba 1, inayoonekana bora, hadi 16, ya mwisho. Mwaka 2018 Virginia, iliyopangwa namba 1, ilifungwa 74-54 na UMBC, chuo kutoka Baltimore kilichopangwa namba 16, jambo ambalo kwa wanaume halikuwa limewahi kutokea. Mwaka 2022 Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City kilichopangwa namba 15, kiliitoa Kentucky na kufika robo fainali. Mwaka 2023 Purdue nayo ikafungwa na namba 16, Fairleigh Dickinson, 63-58.

Ndiyo maana Wamarekani hujaza karatasi ya kutabiri mechi zote 63 za timu 64 kabla mpira haujarushwa. Huo ni mkeka kama mikeka mingine, na huchanika siku ya kwanza tu. Hakuna aliyewahi kuthibitishwa kupatia zote. Jaza na wenzako ofisini kwa soda, inatosha.

Kama unataka kuona mechi moja inavyoweza kugeuka, tafuta dakika ya mwisho ya nusu fainali ya Aprili 2025, Duke na Houston, pale San Antonio. Duke, wenye nyota Cooper Flagg, wako mbele 67-61 na imebaki chini ya dakika moja. Houston wanapiga pointi tatu. Duke wanarusha mpira kuingia uwanjani, unaporwa, unadankiwa. Sasa ni 67-66. Faulo, mitupo huru miwili, yote inaingia; kisha miwili mingine, nayo inaingia. Pointi tisa mfululizo, mwisho 70-67, na msimu wa timu iliyopewa nafasi kubwa zaidi umekwisha. NBA ingewapa mechi ya pili kurekebisha. Chuo hakitoi.

Lakini tusidanganyane, si kila Machi ni miujiza. Connecticut walichukua 2023 na 2024 wakiwafunga watu bila huruma, na mwaka 2025 timu zote nne zilizopangwa namba 1 ndizo zilizofika nusu fainali. Aliyeahidiwa vioja kila siku anaweza kukuta wakubwa wamekula vyote.

Muda unaokaa na mchezaji

Hapa zamani ilikuwa rahisi kusema: NBA ni biashara, chuo ni mapenzi. Siku hizi kauli hiyo imechakaa.

NBA bado inakupa mtu wa kuzeeka naye. Dirk Nowitzki alikaa Dallas misimu 21. Curry yuko Golden State tangu 2009, na msimu wa 2025/26 mshahara wake umepita dola milioni 59. Unamjua hadi anavyotafuna kile kilinda meno chake. Kwa upande mwingine, Februari 2025 mashabiki wa Dallas waliamka na kukuta Luka Dončić ameuzwa Lakers, wakati walikuwa wametoka naye fainali miezi michache tu nyuma.

Chuoni mchezaji ana miaka minne kwa kawaida, na wenye vipaji vikubwa hukaa mmoja tu, kwa sababu NBA tangu 2006 inataka mtu awe na umri wa miaka 19 na mwaka mmoja tangu darasa lake limalize sekondari. Ukimpenda Novemba, Juni ameshaondoka. Tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na kuanzia msimu wa 2025/26 vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia wanamichezo wao wa michezo yote hadi kama dola milioni 20.5 kwa mwaka. Kuhama chuo kumekuwa rahisi vilevile. Anayefunga sana kwenye chuo kidogo, mwaka unaofuata unamkuta amevaa jezi ya chuo kikubwa. Mimi sioni ubaya wa kijana kulipwa kwa jasho lake. Miaka mingi walikula makocha peke yao. Kinachoniuma ni kwamba kisa kama cha Curry, aliyekaa Davidson misimu mitatu na kuifikisha robo fainali mwaka 2008, leo kingekuwa kigumu kutokea. Wangemchukua mapema.

Kwa hiyo chuoni unapenda jezi na mahali, wachezaji wanapita. Duke na North Carolina wako umbali wa kama kilomita 16 tu. Uwanja wa Duke, Cameron Indoor, unachukua watu 9,314, na wanafunzi wanasimama karibu na mstari kiasi kwamba anayerusha mpira kuingia anaguswa na mikono yao. Wanalala kwenye mahema kwa wiki kadhaa kusubiri nafasi ya mechi hiyo. Mwaka 2022 North Carolina waliifunga Duke 81-77 kwenye nusu fainali, na hiyo ikawa mechi ya mwisho ya Mike Krzyzewski baada ya miaka 42 ya kuifundisha Duke. Anayejua Simba na Yanga hahitaji kuelezwa zaidi.

Saa

NBA, kwa saa za Afrika Mashariki, mechi nyingi zinaanza kati ya saa nane usiku na alfajiri. Zile za Los Angeles zinaweza kuanza jua likiwa linachomoza. Fainali za Juni huanza saa tisa na nusu usiku. Afueni ipo Jumapili, kunapokuwa na mechi za mchana wa Marekani, na siku ya Krismasi, ambapo ya kwanza huanza saa mbili usiku kwetu. Walioko Goma, Lubumbashi, Kigali na Bujumbura watoe saa moja. Walioko Muscat waongeze moja.

Chuo kinatubeba. Jumamosi za Januari na Februari mechi zinaanza kuchezwa mchana wao, yaani kwetu saa mbili usiku na kuendelea. Raundi ya kwanza ya Machi ni neema: Alhamisi na Ijumaa, mechi ya kwanza huanza kama saa moja na robo usiku, nyingine zinafuatana mpaka alfajiri. Unatoka kazini, unakula, unatazama nne kwa mpigo. Nusu fainali ya pili na fainali yenyewe ndizo zinazorudi kwenye saa za walinzi wa usiku.

Kuhusu namna ya kuzipata, NBA wana programu yao ya League Pass inayokuruhusu kutazama mechi nzima baadaye bila kuonyeshwa matokeo, na hilo kwa mtu wa kwetu ni jambo kubwa. Chuo unategemea zaidi ESPN kwenye king'amuzi, na si kila mechi inaonyeshwa.

Watu wa kwetu

Njia zote mbili zimewahi kuwabeba Waafrika. Hakeem Olajuwon alitoka Lagos akapita Chuo Kikuu cha Houston. Dikembe Mutombo wa Kinshasa alipita Georgetown. Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, alipita chuo cha mafunzo cha NBA pale Saly, Senegal, akacheza mwaka mmoja Duke na kuchaguliwa wa kumi mwaka 2025. Wengine hawakugusa chuo: Bismack Biyombo wa Lubumbashi alitokea Uhispania, na Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, alipita timu ya maandalizi ya NBA iliyoitwa Ignite, kisha akawa bingwa na Golden State 2022. Ignite ilivunjwa 2024. Vyuo vilipoanza kulipa, vijana hawakuwa tena na sababu ya kuikimbilia. Hata kwenye ofisi tumo: Masai Ujiri, aliyeijenga Toronto iliyotwaa ubingwa 2019, mama yake ni Mkenya.

Kwa wanawake mizani imekaa tofauti. WNBA, ligi yao ya kulipwa, inachezwa Mei hadi Oktoba, kwa hiyo haigongani na chuo, na hulazimiki kuchagua. Fainali ya vyuo ya wanawake mwaka 2024, South Carolina dhidi ya Iowa ya Caitlin Clark, ilitazamwa na watu wengi kuliko ya wanaume mwaka huohuo.

Sasa wewe uko upande gani?

Kama unapenda kuona binadamu akifanya jambo ambalo wengine hawawezi, na unataka kumfuata mtu mmoja miaka kumi, NBA. Usijibebeshe mechi 82. Chagua timu moja, tazama marudio asubuhi kwenye daladala, halafu kesha kuanzia Mei, mfululizo unapokolea.

Kama huna subira ya mfululizo na unataka mechi ambayo leo ndiyo leo, chuo, na hasa wiki mbili za kwanza za mashindano. Huhitaji kuijua timu hata moja. Chagua iliyopangwa namba 12 au 13, ishangilie kama umezaliwa nayo.

Kama una kazi ya asubuhi au watoto wadogo, saa zinaamua kabla yako: Jumamosi za chuo, Jumapili na Krismasi za NBA. Na kama hata hizo ni nzito, BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, inachezwa kwenye saa zetu. Kigali imekuwa mwenyeji tangu 2021, na mwaka 2025 Nairobi City Thunder ikawa timu ya kwanza ya Kenya kushiriki.

Kama una kijana anayeota kwenda kucheza Marekani, mtazamishe chuo kwanza, maana ndiko atakakobisha hodi. Aone hata wale wa benchi wanavyorudi kukaba.

Na kama unafundisha timu ya shule au ya mtaa, NBA iwe ya starehe yako ya usiku. Kwa kazi, tafuta mechi za chuo, isimamishe picha kila timu inapoingia kwenye zoni, na uwaulize vijana wako mpira ungetakiwa uende wapi.